Kufunga lain arei na maboksi ya besi kwenye kiwanja cha wazi

Mwongozo huu ni wa fundi mitambo anayekwenda kufunga mziki kwenye kiwanja cha wazi, iwe ni mkutano wa injili, harusi kubwa, kampeni au tamasha la singeli. Nimechukua mfano wa kiwanja chenye mita 40 kutoka jukwaani hadi mstari wa mwisho wa watu. Mzigo ni ule ambao wapangishaji wengi wa mitambo wanao siku hizi: maboksi manane madogo ya lain arei, yaani spika zinazopangwa safu moja ya wima, manne kila upande, na maboksi manne ya besi yenye spika ya inchi 18. Ukiwa na zaidi au pungufu, njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Nalisema mapema ninaloliamini kabisa: sauti nzuri inatokana na mahali ulipoweka maboksi, pembe ulizoyapa, na muda ambao sauti ya kila boksi inamfikia msikilizaji. Ikwalaiza, ya kupandisha na kushusha besi au sauti kali, inakuja baada ya hayo. Besi iliyopotea upande wa kushoto wa kiwanja kwa sababu maboksi yamewekwa vibaya hairudi hata ukipandisha kitufe mpaka mwisho.

Pima kiwanja kabla ya kushusha mzigo

Chukua futi ya mita 50 au kipimo cha leza. Pima umbali kutoka mahali safu zitakaponing'inia hadi mstari wa kwanza, kisha hadi mstari wa mwisho. Pima upana wa watu. Angalia kama kiwanja kinapanda au kinashuka, na kama nyuma yake kuna ukuta wa matofali, kwa sababu ukuta huo utarudisha sauti jukwaani. Uliza pia jambo ambalo mwenye shughuli hasemi mpaka aulizwe: watu watakaa kwenye viti au watasimama? Sikio la aliyekaa liko kama mita 1.2 kutoka chini, la aliyesimama mita 1.6, na tofauti hiyo inabadilisha pembe.

Katika mfano wetu, mbele kuna viti kuanzia mita 5 kutoka kwenye safu, nyuma watu wamesimama.

Umeme kwanza, mziki baadaye

Kabla hujachomeka kitu chochote, pima kila soketi kwa multimita. Kwetu unatafuta kati ya volti 220 na 240. Kama jenereta ni la fezi tatu, hakikisha waya wa nyutro (unaorudisha umeme) umekazwa sawasawa. Nyutro ikikatika kati ya jenereta na mzigo, soketi moja inaweza kushuka hadi volti 100 na nyingine kupanda kuelekea 400, na maboksi yenye amplifaya ndani yataungua kabla mtu hajajua kuna nini. Mkanda wa ekstensheni ufungue wote kwenye ringi yake, maana waya uliojikunja hupata joto ukibeba mzigo mkubwa. Waya mkuu wa maboksi ya besi usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 2.5.

Taa zipe fezi yake, mziki fezi yake. Na pakiwa na mlio wa "mmmm", usikate waya wa ethi (unaokwenda ardhini) ili uishe. Ethi ndiyo inayomlinda mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma huku nyasi zimelowa. Tafuta chanzo: mara nyingi miksa imechomekwa sehemu moja na maboksi sehemu nyingine ya mbali. Vichomeke kwenye chanzo kimoja, au weka DI (kisanduku cha kupitishia laini ya sauti) yenye transfoma kwenye laini inayolia.

Safu inafanya nini hasa

Boksi la kawaida, kila umbali unapoongezeka mara mbili, hupoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka mita 2 hadi 4 zimekwenda 6, kutoka 4 hadi 8 zimekwenda 6 nyingine, na ndiyo maana mtu wa mbele anaziba masikio wakati wa nyuma anauliza "amesemaje?" Safu ndefu, ikiwa maboksi yake yamebanana, hupoteza desibeli 3 tu kwa kila mara mbili, ila katika eneo lililo karibu nayo. Mfumo uliofanya kazi hii ikubalike duniani ni V-DOSC wa kampuni ya L-Acoustics ya Ufaransa, uliotokana na utafiti wa Christian Heil na Marcel Urban mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Neno la kushika hapo ni "ndefu". Maboksi manne madogo yakibanana yana urefu wa mita 1 hivi. Safu ya mita 1 inaanza kuongoza sauti kuanzia masafa ya kama hezi 350 (mitetemo 350 kwa sekunde) kwenda juu. Chini ya hapo inasambaa kama boksi lolote. Hata kwenye hezi 8,000, ile faida ya desibeli 3 inaishia kama mita 12 kutoka kwenye safu. Ukiongeza maboksi yakawa manane upande mmoja, urefu mita 2, faida hiyo kwenye hezi 8,000 inafika zaidi ya mita 45. Basi mtu akikuambia maboksi yake manne yatafika mita 100 kwa sababu ni lain arei, mwombe akuonyeshe hesabu. Maboksi manne yanatosha kwa mita 40, tena kwa kuelekezwa vizuri.

Pembe: hapa usiwe na haraka

Kazi ya pembe ni kumpa mtu wa nyuma nguvu nyingi na wa mbele nguvu kidogo. Kwa hiyo maboksi ya juu, yanayotazama mbali, yanabanana kwa pembe ndogo. Ya chini, yanayotazama karibu, yanafunguka zaidi. Ukiitazama safu kwa ubavu inajikunja kuelekea jukwaani kadiri inavyoshuka.

Tufanye hesabu ya kiwanja chetu. Juu ya safu iwe mita 5 kutoka ardhini, chini yake mita 4. Sikio la mtu wa mwisho liko mita 1.6, umbali mita 40. Tofauti ya kimo ni mita 3.4, gawanya kwa 40, kisha bonyeza kitufe cha kinyume cha tanjiti (tan⁻¹) kwenye kikokotoo cha simu: unapata karibu nyuzi 5. Boksi la juu litazame chini nyuzi 5. Sasa mstari wa mbele: chini ya safu ni mita 4, sikio la aliyekaa ni mita 1.2, tofauti mita 2.8, umbali mita 5. Hiyo ni nyuzi 29.

Lazima basi ufunike kutoka nyuzi 5 hadi 29. Maboksi manne yana maungio matatu. Weka nyuzi 3 kati ya la kwanza na la pili, 7 kati ya la pili na la tatu, 10 kati ya la tatu na la nne. Boksi la mwisho litatazama nyuzi 25, na kama lina mtawanyiko wa nyuzi 10 wima, ukingo wake wa chini unafika 30. Mstari wa mbele umefunikwa.

Nyuzi 10 ndiyo mwisho wa maboksi mengi ya aina hii. Ukilazimisha zaidi, yanaachana, na kati yao unapata shimo la sauti kali. Kampuni nyingi zinatoa programu ya bure ya kupigia hesabu hii. Itumie, lakini piga na yako mkononi ujue kama programu imepewa vipimo sahihi.

Kuna maboksi ambayo pembe yake haibadiliki, kama JBL VRX932LA, ambalo kila moja lina nyuzi 15 wima. Haya usiyapigie hesabu ya maungio. Unachagua idadi tu. Mawili ni nyuzi 30, matatu ni 45, kisha unainamisha kundi zima mpaka ukingo wa juu umfikie mtu wa mwisho.

Kunyanyua

Hapa sina mzaha na mtu yeyote. Soma uzito wa kila boksi na wa fremu ya juu, jumlisha, kisha ulinganishe na uzito wa kazi ulioandikwa kwenye mnara, winchi, mikanda na pingu za chuma. Kifaa kisicho na maandishi hayo kibaki kwenye gari. Kamba ya katani na waya wa kufungia nondo havibebi maboksi juu ya vichwa vya watu, na nguzo ya turubai la harusi haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Fungua miguu yote ya mnara, weka mbao pana chini yake kama ardhi ni mchanga au tope, na uhakikishe umesimama wima kwa pima maji. Pini za kila boksi zikaguliwe na watu wawili tofauti: mmoja anaweka, mwingine anazivuta kwa mkono akitaja kwa sauti "kushoto mbele, imeingia, kulia mbele, imeingia". Halafu kebo ya pili ya usalama, inayoshika mzigo kama winchi ikiachia. Wakati wa kunyanyua hakuna mtu chini, hata mwenye shughuli. Kabla ya siku yenyewe mkubaliane upepo ukifika kiasi gani safu zinashushwa, na ni nani mwenye amri ya kuzishusha.

Kama huna mnara wa uhakika, usining'inize. Panga maboksi juu ya maboksi ya besi au kwenye kona za jukwaa, uyafunge kwa mikanda ya kukaza. Unapungukiwa kimo, na watu wa mbele watameza sehemu ya sauti kali, kwa hiyo hakikisha boksi la chini kabisa liko juu ya vichwa vya waliosimama. Pembe zinakuwa ndogo zaidi kwa sababu kila kitu kinatazama karibu sawa na ardhi.

Safu zikishakaa, nenda mstari wa mwisho, utazame. Boksi la juu unatakiwa kuliona uso mzima. Ukiona kifuniko chake cha juu, safu imeinama mno. Ukiona chini yake, inapigia mbingu.

Besi: ikusanye

Mazoea yetu ni maboksi mawili ya besi kushoto, mawili kulia. Picha inapendeza, lakini kwa wanaosikiliza ndio mpangilio mbaya kuliko yote ya kawaida.

Sababu yake ni urefu wa wimbi. Kwenye joto letu la nyuzi 25 au 30, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Wimbi la hezi 60, pale penye kishindo cha ngoma, lina urefu wa mita 5.8. Sema makundi yako mawili yameachana mita 12. Aliyesimama katikati anapata sauti mbili kwa wakati mmoja. Zinajumlishana, anatikisika kifua. Sasa asogee pembeni mita 5, akiwa mita 20 kutoka jukwaani. Kundi moja liko mita 20 kutoka kwake, jingine karibu mita 23. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya wimbi. Kundi moja linasukuma hewa, jingine linaivuta, na besi inatoweka. Akiendelea kusogea inarudi, kisha inapotea tena.

Usinisadiki mimi. Piga toni ya hezi 60 kwa sauti ya wastani, tembea kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi mwingine, na usimame pale inapokufa. Ukishaisikia mara moja hutarudi kwenye mpangilio huo kama una nafasi ya kufanya vingine.

Nafasi hiyo ni mbele ya jukwaa, katikati. Panga maboksi manne kwa mstari mmoja, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine isizidi mita 1.5. Kanuni ni kwamba nafasi iwe chini ya nusu ya wimbi la masafa ya juu kabisa ambayo maboksi ya besi yanapiga. Ukiyakata yasipige zaidi ya hezi 100, nusu wimbi ni mita 1.7. Mstari wa namna hii unabana besi kidogo kuelekea katikati. Kama kiwanja ni kipana, yape maboksi mawili ya nje dilei (ucheleweshaji) ya milisekunde 2 hivi, na besi itafunguka kwenda pembeni.

Mwenye shughuli atalalamika kwamba maboksi yanaziba jukwaa. Yalaze kwa ubavu, yafunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na mweke mwenye kulalamika asimame pembeni asikilize tofauti.

Waimbaji wakilalamikia besi jukwaani

Boksi la besi linapiga pande zote karibu sawa, nyuma kama mbele. Kwaya yenye maiki kumi zilizo wazi, au bendi ya taarabu yenye fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni, itateseka: maiki zinaokota besi na mziki mzima unakuwa tope. Dawa yake ni kupanga maboksi yafutane kwa nyuma.

Weka mawili mbele na mawili nyuma yake, yote yakitazama watu, uso wa boksi la nyuma ukiwa mita 1.44 nyuma ya uso wa boksi la mbele. Hiyo ni robo ya wimbi la hezi 60. Ya nyuma yape dilei ya milisekunde 4.2, kisha geuza polariti yake, yaani boksi livute hewa pale ambapo lingeisukuma. Kinachotokea nyuma ni hiki: sauti ya boksi la mbele inapofika kwenye boksi la nyuma, boksi hilo ndipo linapiga, lakini kinyume, na zinafutana. Kuelekea kwa watu, sauti ya nyuma inafika imechelewa nusu wimbi na imegeuzwa, kwa hiyo inaungana na ya mbele.

Hesabu hii inataka maboksi ya aina moja, kiwango kimoja, na ukuta uwe mbali. Ukiyabandika kwenye ukuta wa mbao wa jukwaa haifanyi kazi. Jaribu kwa kupiga ngoma ya miguu tu na kwenda kusimama anapokaa mwimbaji. Ikiwa besi ni kubwa zaidi jukwaani kuliko kwa watu, hujageuza polariti ya maboksi ya nyuma, au dilei umeyapa ya mbele.

Kuoanisha safu na besi

Chagua mahali pamoja pa kupimia, katikati ya kiwanja, mita 20 kutoka jukwaani. Katika mfano wetu, safu imening'inia pembeni mita 6 na juu, kwa hiyo iko kama mita 21 kutoka hapo. Maboksi ya besi, yakiwa mbele ya jukwaa kwa mita 1, yako mita 19. Tofauti ni mita 2, na kila mita moja ni milisekunde 2.9. Besi inawahi kwa milisekunde 5.8, basi ichelewesheni besi kwa kiasi hicho. Kama umepanga maboksi yafutane kwa nyuma, dilei hii iongeze kwa yote manne, ya mbele na ya nyuma.

Hiyo ni hatua ya kuanzia tu, kwa sababu prosesa (kifaa kinachosimamia sauti inayokwenda kwenye maboksi) na krosova (mpaka wa masafa ambapo besi inaachia na safu inapokea) nazo zina ucheleweshaji wao. Kama una maiki ya kupimia na programu kama Smaart, au Open Sound Meter ambayo ni ya bure, linganisha fezi za sauti (si za umeme; ni mawimbi kupanda na kushuka kwa pamoja) za safu na besi kwenye krosova mpaka mistari ilale pamoja. Kama huna, masikio yanaweza. Krosova ikiwa hezi 90, piga toni ya hezi 90, washa safu ya upande mmoja na besi, ziwe na nguvu sawa pale uliposimama. Geuza polariti ya besi. Sasa badilisha dilei kidogo kidogo, nusu milisekunde kila mara, mpaka sauti iwe ndogo kabisa. Ukirudisha polariti, hapo ndipo zinapoungana kwa nguvu zote. Usitoke zaidi ya milisekunde 5 kutoka kwenye hesabu ya umbali, maana wimbi la hezi 90 linajirudia kila milisekunde 11 na unaweza kushika mzunguko usio wake.

Kwa safu zilizoachana mita 12, watu wa mbele katikati hawatamsikia mhubiri wala MC vizuri. Weka spika mbili ndogo kwenye ukingo wa jukwaa, kwa sauti ya chini.

Kupima sauti na kuishi na majirani

Washa miksa kwanza, prosesa, kisha maboksi. Piga kelele ya pinki, ule mvumo wa kupimia wenye masafa yote, tembea kutoka mbele hadi nyuma ukisikiliza kama rangi ya sauti inabadilika. Tofauti ya desibeli 6 kati ya mbele na nyuma kwenye kiwanja hiki ni matokeo mazuri. Mbele pakiwa pakali mno, punguza sauti kali tu ya boksi la chini. Usipunguze boksi zima, kwa sababu safu inafanya kazi pale maboksi yote yanapopiga sawa masafa ya kati. Ndipo ushike ikwalaiza, na ukipunguza ni bora kuliko kuongeza.

Taa ya limita, kizuizi cha sauti isizidi uwezo wa boksi, iwake mara moja moja kwenye vishindo. Ikibaki imewaka, maboksi hayatoshi, na kupandisha miksa kutachoma spika. Jua la mchana nalo lina lake: migongo ya maboksi yenye amplifaya itazame kivuli au iwekewe kivuli kisichoziba hewa, la sivyo yatajizima saa nane mchana katikati ya hotuba.

Kuhusu kiwango, kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha ni wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15. Kelele kwa majirani zina sheria zake: Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2015, Kenya mwaka 2009, chini ya mamlaka za mazingira. Pata kibali kabla.

Na usiku kiwanja kinabadilika. Mchana ardhi ya moto huipindisha sauti kwenda juu. Jua likizama, hewa ya chini inapoa na sauti inapinda kurudi ardhini, ikienda mbali zaidi. Kiwango kilichokuwa sawa saa kumi jioni kitafika mitaa ya mbali saa nne usiku, hasa besi. Tembea tena hadi mstari wa mwisho giza likiingia, na upunguze besi kwanza kabla ya kitu kingine. Shughuli ikiisha, zima maboksi kwanza na miksa mwisho, na usiruhusu mtu ashushe safu mpaka watu wametoka kwenye eneo la mnara.